Nywele Alizoahidiwa Bikira

Odilia alikuwa akifuta vumbi kama kila asubuhi. Alipoushika mkono wa yule binti wa nta ili apitishe kitambaa katikati ya vidole, aliuachia upesi. Ulikuwa na joto. Halikuwa joto la nta iliyosahauliwa juani, hilo alilijua vizuri. Lilikuwa joto la mkono wa mtoto aliyetoka kuamka.

Akatazama kiyoyozi. Kilikuwa kinanguruma sawasawa, na yeye mwenyewe alikuwa amevaa sweta. Huko nje mji wa Mexicali ulikuwa umeshaanza kuungua na hata saa mbili haijagonga. Akamshika bondia: baridi. Akamshika mtawa: baridi. Jenerali naye baridi kama chupa ya bia. Akarudi kwa binti, akagusa kwa ncha ya kidole tu. Joto lilikuwa pale pale.

"Don Evaristo! Hebu njoo ushike hapa."

Don Evaristo ndiye aliyekuwa mwenye makumbusho yale ya sanamu za nta, mchonga sanamu na mkata tiketi. Alitokea na kikombe chake cha kahawa, tumbo mbele.

"Kama ni buibui, mimi sishiki."

"Shika mkono huu."

Akashika, akabetua midomo. "Mexicali hii, Odilia. Mwezi wa Julai hata barafu ina joto. Chapa kazi."

"Mbona jenerali hana joto?"

"Jenerali hajawahi kuwa na joto. Muulize mkewe."

Odilia akacheka, kwa sababu na Don Evaristo usipocheka utalia. Lakini siku ile hakuurudia tena ule mkono.

Niseme ukweli kuhusu makumbusho yale: yalikuwa kichekesho. Yalikuwa kwenye kichochoro, hatua chache kutoka lango la mpaka wa Marekani, na wengi walioingia walikuwa wanakimbia jua wakati wakingoja ndugu zao wavuke. Sanamu hazikufanana na binadamu yeyote aliyewahi kuzaliwa. Jenerali alikuwa padri mpaka mwaka juzi, Don Evaristo akamvua kanzu akambandika sharubu. Mwanaanga alikuwa na kofia ya pikipiki. Watu walikuja kucheka, na walicheka kweli, mpaka walipofika chumba cha mwisho. Humo aliketi binti wa Komunyo ya Kwanza, gauni jeupe, mikono mapajani, nywele nyeusi zikimshuka hadi kiunoni. Mbele ya huyo hakuna aliyecheka. Watu walivua kofia.

Uzuri wake wote ulitoka kwenye nywele, na nywele zile zilikuwa za Chayo, binti wa Odilia.

Chayo alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa ambayo madaktari waliiangalia wakainamisha vichwa. Usiku wa nne Odilia alipiga magoti akaweka nadhiri kwa Bikira wa Candelaria: mtoto akipona, mkasi hautagusa kichwa chake mpaka atimize miaka saba, na siku hiyo nywele zote zitapelekwa kanisani, ziwe za Bikira. Asubuhi mtoto aliomba maji. Miaka minne Odilia alizichana nywele zile, akazipaka mafuta, akazisuka. Mtaa mzima ulizijua. Wanawake waliokuwa wakipita walizigusa.

Hapo ndipo lilipoanzia kosa, na halikuwa kosa la njaa wala la shida. Lilikuwa kosa la majivuno. Odilia alikuwa ameingia kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa, akaona nywele za nadhiri za watu zimening'inizwa ukutani, kijivu kwa vumbi, nyingine zimetafunwa na panya. Roho ikamkataa. Na Don Evaristo alikuwa kila siku yuko masikioni mwake: "Odilia, nywele zile kwenye nta zitaishi miaka mia. Huko kanisani nani atazitazama? Hapa hata wa ng'ambo watamwona mwanao." Basi alinunua nywele nyingine saluni, nyeusi, za urefu ule ule, akazifunga kwa utepe ule ule. Siku ya Candelaria, mwezi wa pili, Bikira alipewa nywele za mwanamke asiyejulikana. Mama mkwe wake, Doña Petronila, alipiga magoti kando yake akilia kwa furaha. Odilia naye alilia. Za Chayo zilikuwa tayari kwenye karakana ya Don Evaristo, ambaye alizipachika kwa sindano ya moto, unywele mmoja mmoja, Kwaresima nzima. Jumamosi kabla ya Pasaka chumba kikafunguliwa.

Na sasa ilikuwa Julai, na mkono ulikuwa na joto.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Chayo hakutoa jasho. Watoto wote wa mtaa walishinda wakijimwagia maji ya mpira, yeye aliketi kivulini amejifunika blanketi. Majirani walimwita mtoto wa bahati. Doña Petronila alimnusa shingoni akatabasamu.

"Huyu mtoto ananukia kanisa," alisema. "Ananukia mshumaa. Ni Bikira huyo, amempokea."

Odilia alimgusa paji la uso kwa midomo, kama alivyofanya tangu alipokuwa mchanga. Lilikuwa baridi na laini mno, na liliacha ladha ya mafuta.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu, mama."

Mtoto ambaye zamani alitaka kila kitu, aiskrimu ya embe, mbwa, viatu vyenye taa! Odilia alijiambia ni joto, ni meno, ni baba yake aliye ng'ambo kwenye mashamba ya saladi na hajarudi tangu Mei. Mtu akitaka kutojua, hakosi la kujiambia.

Jumamosi walikuja maharusi wawili kutoka upande wa pili, wachangamfu, wakipigana picha na mwanaanga. Odilia alisikia kicheko chao kikipita chumba hadi chumba, kisha kikakatika. Bibi harusi akatoka peke yake, amejishika kifua.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "yule mtoto mle ndani ni wa nani?"

"Yule? Ni nta, mama. Wote ni nta."

"Mimi nimewaona wa nta. Yule analia."

Odilia aliingia chumba cha mwisho akafunga mlango nyuma yake. Binti aliketi kama alivyoketi siku zote. Kwenye shavu la kushoto palikuwa na mchirizi wa maji uliofika kidevuni. Ni unyevu wa kiyoyozi, alijiambia, na akainama aupanguse, na alipoinama harufu ikamfikia, na haikuwa harufu ya nta wala ya rangi wala ya gauni jipya, ilikuwa harufu ya sabuni ya manjano na jasho la usingizi na maziwa kidogo, harufu anayoijua kuliko jina lake, ile inayokaa nyuma ya sikio la mtoto wako wewe na si la mtoto mwingine yeyote duniani, na mwili wake wote ukataka kumkumbatia yule binti, kumnyanyua kwenye kile kiti na kumpeleka nyumbani. Mikono yake ilikuwa imeshanyooka. Ndipo alipoogopa, akatoka mbio mpaka kichochoroni, kwenye jua kali, meno yakigongana.

Alikimbia nyumbani. Mlango ulikuwa wazi, Doña Petronila alikuwa jikoni akikanda unga wa tortila, zile chapati za mahindi. Chayo alikuwa ameketi kwenye kiti kilichoegeshwa ukutani, mgongo wima, mikono mapajani.

"Ameketi hivyo tangu ulipoondoka," alisema bibi. Sauti yake haikuwa na furaha tena. "Nimemwita, hajageuka. Odilia, huyu mtoto hapepesi macho."

Odilia alipiga magoti, akamshika mkono kwa nguvu. "Chayo. Chayo, mama, niangalie." Chayo akamwangalia. Odilia alipouachia mkono, juu ya ngozi palibaki shimo la kidole gumba chake, limebonyea, na mistari ya kidole ikionekana mle ndani. Wanawake wawili walilitazama lile shimo. Ngozi haikurudi mahali pake.

"Yesu na Maria," alinong'ona Doña Petronila. "Namwita Tránsito."

Doña Tránsito alikuwa mganga wa mtaa ule, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyewahi kuwa muuguzi na bado alinawa mikono kama muuguzi. Alifika na fungu la majani ya ruda na yai. Alimpitishia mtoto yai toka utosini hadi nyayoni, akiomba chini kwa chini, halafu akalipasua kwenye glasi ya maji. Ute ukaelea. Kiini hakikuwamo. Aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha mara mbili.

"Ajabu," alisema. "Sijaona hili. Nani ana kitu cha mtoto huyu? Nguo, jino, nywele?"

Doña Petronila akajibu haraka: "Nywele ziko kwa Bikira. Nilikuwepo mimi mwenyewe."

Doña Tránsito hakumtazama yeye. Alimtazama Odilia.

"Zimo... zimo kwenye sanamu," alisema Odilia. "Kazini."

"Sanamu gani?" Bibi alishika ukingo wa meza. "Sanamu gani, wewe?"

"Tulizipeleka kanisani, mama, si ulikuwepo? Ila mtunza kanisa alikuwa anasafisha kile chumba, anatoa za zamani. Nikaona zitatupwa. Nikazichukua, nikampa Don Evaristo." Uongo ulimtoka laini, kama aliusoma mahali. Asingeweza kusema lile jingine mbele ya yule mama aliyepiga magoti kando yake.

"Lini?" aliuliza mganga.

"Nini?"

"Lini ziliingia kwenye nta? Nataka siku, Odilia, na nataka kweli. Hili ndilo swali ninalokuuliza, mengine yote ni salamu tu."

Doña Petronila alikuwa anamkodolea macho. Akisema Pasaka, mama mkwe angejua kuwa nywele hazikulala kanisani hata siku moja.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu kamili?"

"Hazijazidi."

Doña Tránsito alishusha pumzi, akavua miwani akaifuta. "Basi tumewahi. Nywele zilizoahidiwa zisipokaa kwa aliyeahidiwa ni nyumba isiyo na mwenyewe. Jini amepita, amekuta mlango wazi, ameingia. Sasa ana nywele, anautaka mwili. Anavuta kidogo kidogo. Mtoto anapoa, lenyewe linapata moto. Lakini mtoto bado yuko hapa." Akamgusa Chayo kifuani. "Kesho mchana, jua likiwa utosini, utayeyusha kile kichwa. Kwa moto mdogo, usizing'oe nywele, ziachie zenyewe. Ukizipata, nenda kwa Bikira kwa magoti toka mlangoni, umpe zilizo zake. Mimi nitakaa hapa na mtoto."

"Na likinifanya kitu?"

"Halitakufanya kitu. Litakuita. Litakuita kwa sauti yake huyu, litalia kama yeye, litasema mambo anayoyajua yeye tu. Usiitike, na usitoe sufuria motoni. Umenielewa? Usitoe."

Jumapili makumbusho yalifungwa. Don Evaristo aliposikia hadithi alifungua mdomo atanie, akautazama uso wa Odilia, akachukua funguo za karakana. Alikuwa na sufuria kubwa ya kuyeyushia sanamu zilizochosha watu, ndani ya nyingine yenye maji, na jiko la gesi karakanani. Alikiondoa kichwa shingoni kwa kuzungusha, kazi aliyoifanya mara mia. Kisha akaitoa mikono miwili. Mwili uliobaki ulikuwa pamba na magunia tu. Odilia akavipokea kwenye taulo. Vilikuwa na joto na uzito, na nyuma ya sikio ilikuwepo ile harufu.

"Odilia," alisema mzee, "una hakika?"

"Washa."

Saa sita mchana bati la karakana lilikuwa linalia kwa joto. Kichwa kilikaa katikati ya sufuria, uso juu, nywele zimezunguka pande zote. Mikono ndiyo iliyotangulia kwenda, vidole vikashikana, vikawa kitu kimoja. Kisha mashavu yakaanza kung'aa.

"Mama."

Don Evaristo alijishika kichwa. Odilia hakugeuka. Ilikuwa sauti ndogo, ya kichovu, ya mtoto anayeita toka chumba cha pili.

"Mama, kuna joto. Mama, nitoe."

Akaushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Mama, nimekaa kama ulivyoniambia. Sikugusa kitu. Mama, twende nyumbani."

"Zima," alisema Don Evaristo, machozi yakimtiririka kwenye mashavu. "Mwanamke, zima, nakuomba, hiyo siyo sauti ya shetani."

"Ndivyo linavyofanya! Aliniambia ndivyo litakavyofanya!" Na alimsukuma mzee akaanguka juu ya magunia, akasimama yeye kati ya mzee na jiko, mgongo kwenye moto, akiimba kwa sauti kubwa wimbo wowote uliomjia ili asisikie, na bado alisikia, maana sauti ile haikuwa inapita masikioni tu, ilipita mahali ambapo mama husikia mtoto akigeuka kitandani, na ilimwita kwa jina la utani alilokuwa akiitwa na Chayo kabla Chayo hajajua kusema vizuri, jina ambalo halikuwahi kutoka nje ya chumba chao cha kulala, ikaliita mara tatu, ya tatu ikiwa imezama katikati, kisha ikawa povu, kisha ikawa kimya. Alipogeuka, sufuria ilikuwa imejaa nta safi ya rangi ya mwili, na juu yake nywele zilielea, hazijaungua hata moja.

Alizifunga kwa utepe, zikiwa bado na mafuta. Aliingia kanisani kwa magoti toka mlangoni mpaka kwa Bikira, sakafu ikimchuna, na nyuma yake vibibi vya Jumapili wakimwombea bila kujua wanamwombea nini. Alizining'iniza kwa mkono wake mwenyewe.

Alipofika nyumbani, Chayo alikuwa uani anajimwagia maji.

Doña Petronila alimkimbilia na mikono yenye unga. "Saa sita! Saa sita na kidogo alishtuka, akavuta pumzi kama aliyetoka kisimani, akasema ana njaa! Amekula tortila sita, Odilia! Sita, na maharage!" Mtoto alikuwa na jasho kipajini. Alikuwa na wekundu mashavuni. Odilia alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika, na alilia kwa furaha ambayo hakuwahi kuijua, hata ile asubuhi homa ilipoisha.

Siku tisa zikapita hivyo. Chayo alikula, alicheka, alikimbia. Alikula kuliko zamani, alicheka kwa sauti kuliko zamani. Siku ya tisa Doña Tránsito alikuja kufunga kazi yake kwa kumpiga mtoto majani ya ruda. Alipomaliza, bibi na mjukuu wakatoka uani, na Odilia akabaki mezani na mganga, maji ya ukwaju kati yao. Moyo wake ulikuwa mwepesi, na mtu moyo wake ukiwa mwepesi hutaka kuutua na ule mzigo wa mwisho.

"Doña Tránsito, niombee msamaha na mimi. Nilikudanganya kidogo."

"Kwa lipi?"

"Nywele hazikuwahi kufika kanisani. Nilimpa Bikira za saluni. Nilishindwa kusema mbele ya mama mkwe." Alicheka kwa aibu. "Zile za Chayo zilikuwa kwenye nta tangu kabla ya Pasaka."

Mganga alishusha glasi polepole.

"Pasaka hii?"

"Hii. Miezi mitatu na ushee. Lakini si imekwisha? Si amepona?"

 Doña Tránsito alikuwa anatazama dirishani, uani, anahesabu kwa midomo. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Mpaka siku arobaini, mtoto bado yumo mwilini mwake. Ndiyo maana nilikuuliza siku. Zikipita arobaini, mtoto na jini wanakuwa wameshabadilishana nyumba. Hapo moto hautumiki, Odilia. Hapo sanamu unaibeba mikononi, vile ilivyo, bila kuikwaruza, unampelekea Bikira, umwombe amrudishe."

"Amrudishe nani?"

Alikuwa ameshajua. Aliuliza ili lisisemwe bado, ili ipite dakika moja zaidi. Doña Tránsito alifunika uso wake kwa viganja, na miwani ikaanguka mezani, na hakuna aliyeiokota.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Doña Petronila aliingia anacheka, amemshika mtoto mkono, wote wawili wameloa.

"Mama," alisema mtoto, "nina njaa."

Alisimama pale mlangoni, mwenye jasho, mwenye wekundu, akitabasamu, akingoja. Odilia alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akawasha jiko, akamtengenezea chakula, maana hakuwa na mtoto mwingine.